IJUE NJIA YA UGONJWA, NDIPO URUDI KAZINI

Na Bwana Shamba wa Kata, Mkoa wa Kagera

Ndugu msomaji, unalijua panga lako. Asubuhi unalichukua na kuingia migombani. Unakata majani makavu. Unapunguza machipukizi. Unaangusha mkungu. Jioni unalirudisha nyumbani. Ni chombo cha kila siku, wala hukiogopi.

Lakini mwaka 2006 sisi wa Mkoa wa Kagera tulijifunza jambo kuhusu panga. Mwaka huo ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulitambuliwa katika mkoa wetu. Majani yaligeuka manjano, kisha yakanyauka. Ndizi ziliiva kabla ya wakati wake. Ukizipasua, ndani zilikuwa na rangi ya kahawia. Ukikata shina, ulitoka uteute wa manjano kama usaha. Panga lililokata mgomba mgonjwa lilikwenda kukata mgomba mzima. Kesho yake jirani alikuja kuliazima.

Je, tuliacha kulima ndizi? Hapana. Mhaya bila ndizi atakula nini? Wapo waliosema tusiingie shambani kabisa mpaka ugonjwa upite. Mashamba yao yaliota magugu, na ugonjwa haukupita. Wapo waliosema hakuna la kufanya, wakaendelea kama zamani, panga lilelile shamba kwa shamba. Hao walipoteza migomba yao.

Waliookoa mashamba ni wale waliouliza swali moja: ugonjwa huu unapita wapi? Wakaambiwa kwamba unapita kwenye panga. Unapita kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume. Unapita kwenye machipukizi yaliyotoka shamba lenye ugonjwa. Basi walichoma panga kwenye moto kabla ya kwenda mgomba mwingine. Walivunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Mgomba mgonjwa waliukata chini kabisa. Kazi ikaendelea.

Leo sitaki kuzungumza habari za migomba. Nataka kuzungumza habari zetu sisi watu. Ugonjwa mkubwa ukiingia nchini, tunafanya kama tulivyofanya kwa migomba. Wengine hujificha, na wengine hujitupa. Kuuliza njia hatuulizi, au tunauliza tumechelewa. Mimi mwenyewe nilichelewa kuuliza, na nitakueleza ilikuwaje.

Kumbuka kwamba mimi si daktari. Nina cheti cha kilimo. Mambo ya dawa muulize mganga wa zahanati. Lakini kazi yangu ya miaka mingi ni kukutana na watu, kuwaita mikutanoni na kuwatembelea mashambani. Kwa hiyo habari ya kuacha kukutana na ya kukutana tena ninaifahamu.

HOFU ILIFUNGA MILANGO

Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania. Mgonjwa huyo alikuwa Arusha. Siku iliyofuata shule zilifungwa. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 11 Machi, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema kwamba ugonjwa huu sasa ni wa dunia nzima.

Serikali yetu haikuwafungia watu majumbani kama nchi nyingine zilivyofanya. Shambani tuliruhusiwa kwenda. Sokoni tuliruhusiwa kwenda. Lakini hofu ilifunga milango ambayo serikali haikuifunga.

Mimi nilikuwa mmoja wa walioogopa. Niliacha kuzunguka vijijini. Pikipiki yangu ilikaa chini ya mwembe, kuku wakalala juu ya kiti chake. Mkulima akiwa na swali alinipigia simu, nami nilimjibu kwa simu. Nilijiona nina akili sana.

Mwezi Juni nilipotoka tena, nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye shamba lake nililisifu kila mara. Nilimpa shikamoo nikiwa mbali. Aliitikia. Kisha alinishika kwa macho, akanionyesha migomba yake upande wa bondeni. Majani yalikuwa yameanguka kama mwavuli uliovunjika. Mnyauko ulikuwa umerudi, na umekula mistari mitatu.

"Bwana Shamba," alisema, "uliogopa kikohozi, ukaniachia mnyauko."

Sikuwa na la kumjibu. Ningepita mwezi Aprili, ningeona mgomba mmoja mgonjwa. Tungeukata huo mmoja, na bibi yule angekuwa na ndizi zake.

Jambo hilohilo lilitokea zahanati. Mganga wetu alinieleza kwamba akina mama wengine waliacha kuleta watoto kliniki. Waliogopa kukutana na wagonjwa. Lakini mtoto wa miezi 9 anangojewa na chanjo ya surua, na mtoto wa miezi 18 anangojewa na chanjo ya pili. Surua haisubiri korona iishe. Vilevile mtu mwenye homa alikaa nyumbani akiogopa kuambiwa ana korona, kumbe ana malaria. Kipimo cha malaria ni tone moja la damu kwenye kidole, na majibu hutoka muda mfupi tu. Malaria inaua mtoto kwa siku chache, ndugu msomaji. Hiyo si homa ya kukaa nayo ndani.

Kwa hiyo usidhani kujifungia hakuna gharama. Gharama ipo, ila inalipwa upande mwingine.

TULIVYOANZA KUKUTANA TENA

Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vilifunguliwa, pamoja na wanafunzi wa kidato cha sita. Tarehe 29 Juni shule zote zikafunguliwa. Majirani zetu wa Uganda walichukua njia nyingine. Huko shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Wewe fikiria mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alivyosahau herufi zake.

Huku kwetu mwezi Juni ni wakati wa kahawa. Kahawa ikiiva haijui habari za ugonjwa. Lazima ichumwe, ianikwe, ipelekwe kwenye mizani. Kikundi chetu cha wakulima kina watu 26. Tulikutana kupanga tutafanyaje.

Tulikubaliana tukutane nje, chini ya mti mkubwa wa mparachichi ulio kando ya ghala. Kila mtu alikuja na kigoda chake. Kati ya kigoda na kigoda tuliacha hatua mbili za mtu mzima. Tuliligawa kundi mara mbili. Watu 13 walikuja Jumanne, na 13 walikuja Alhamisi. Mimi nilisema maneno yaleyale mara mbili, na sikufa kwa kusema mara mbili.

Mizani tuliitoa nje ya ghala. Kila kitongoji kilipewa siku yake ya kuleta kahawa. Zamani watu walijaa mlangoni tangu alfajiri, kila mmoja anasukuma gunia la mwenzake. Mwaka ule mtu alikuja, alipima, aliandikiwa, akaenda zake. Wengine walisema utaratibu ule ulikuwa bora hata bila ugonjwa. Mimi nakubaliana nao.

Salamu ilikuwa ngumu kuliko kahawa. Mzee mmoja alikasirika. Alisema, "Kijana asiponipa mkono ananidharau." Hatukubishana naye. Mjukuu wake alisimama mbele yake, akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akasema shikamoo kwa sauti. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaitikia marahaba. Baada ya wiki mbili alikuwa anawafundisha wengine.

Kisha kuna kahawa ya kutafuna. Msomaji wa mikoa mingine pengine huijui. Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, aitafune. Huletwa katika kikapu kidogo, na kila mmoja hutia mkono wake humo. Sasa utaikataa? Kuikataa ni kumkataa mwenye nyumba. Akina mama walipata dawa. Mama mwenye nyumba alichukua kijiko, akamtilia kila mgeni kiganjani. Heshima ilibaki, na mikono kumi haikuingia kikapu kimoja. Kwa pombe ya ndizi tulisema kila mtu aje na kikombe chake. Hilo halikufuatwa vizuri. Ninasema kweli.

Tulitengeneza pia vibuyu chirizi. Kama hujui, chukua dumu la lita 5. Litoboe tundu dogo karibu na mdomo. Lining'inize kwenye mti wa kulala uliowekwa juu ya nguzo mbili. Funga kamba mdomoni mwa dumu, na mwisho wa kamba funga kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Hushiki kitu kwa mkono. Sabuni hufungwa kando kwa uzi. Virusi vya korona vina ngozi ya mafuta, na sabuni huivunja ngozi hiyo. Ndiyo maana maji peke yake hayatoshi. Sugua kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka 20.

Nikuonye kuhusu kunguru. Kunguru hupenda sabuni. Tulipoteza vipande vinne kabla ya kumjua mwizi. Weka sabuni ndani ya soksi kuukuu, ufunge. Atakuja, ataangalia, ataondoka.

KOSA LETU

Mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo tulipokosea. Mtu akipita mtoni mara tano bila kuanguka husema mto hauna maji.

Mwezi Februari 2021 niliitisha mkutano wa kikundi. Nasema niliitisha mimi, si mtu mwingine. Tulikuwa na habari ya mbolea na ya madeni, na nilitaka watu wote 26 wasikie siku moja. Tulianza chini ya mparachichi kama kawaida. Mvua ikaja. Tukachukua vigoda vyetu, tukakimbilia ghalani.

Mlangoni kulikuwa na kibuyu chirizi. Kila mtu alinawa. Nilisimama pale nikahakikisha, wala hakuna aliyepita bila kunawa. Nilifurahi sana. Kisha tukaingia, tukafunga mlango kwa sababu ya mvua. Madirisha ya ghala lile yalikuwa yamepigiliwa mbao kwa ajili ya wezi wa kahawa. Tukakaa bega kwa bega. Tulianza kwa wimbo. Tulibishana kuhusu madeni kwa sauti kubwa, maana mvua ilipiga bati na hatukusikiana. Tulikaa humo karibu saa tatu.

Mmoja wetu alikuwa anakohoa kidogo. Alisema ni mafua tu. Alikuwa ametembea mbali kuja, nasi tulimsifu kwa bidii yake.

Baada ya siku nne au tano watu walianza kuugua. Wengine walikuwa na homa na uchovu, wakapona. Wengine hawakunusa harufu ya kitu. Mweka hazina wetu alikuwa mzee wa miaka 71 mwenye ugonjwa wa kisukari. Alishindwa kupumua. Vijana walimbeba mpaka barabarani, gari likampeleka hospitali. Alikaa huko siku sita. Hakurudi.

Sitasema kwa hakika kwamba aliupata ghalani. Wakati ule ugonjwa ulikuwa sehemu nyingi. Lakini najua nilimketisha wapi, na kwa muda gani.

Baada ya tanga kijana wake alinijia. Aliniletea daftari la hesabu la kikundi. Lilikuwa limefungwa kwa mfuko wa nailoni lisiingiwe na maji. Ndani, ukurasa wa mwisho, mzee alikuwa ameandika tarehe ya mkutano ule, idadi ya watu, na madeni ya kila mmoja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo cha watu wazima, na alipenda kutuambia hivyo.

MOSHI NI MWALIMU

Kosa letu lilikuwa nini? Mikono tulinawa. Kosa letu ni kwamba tuliziba njia ndogo, tukaacha wazi njia kubwa.

Korona husafiri hasa kwa pumzi. Mgonjwa akipumua, akisema, akiimba au akikohoa, hutoa matone madogo sana. Mengine ni makubwa kidogo, nayo huanguka karibu. Mengine ni madogo mno hata macho hayaoni, nayo huelea hewani. Nje, upepo huyachukua na kuyatawanya. Ndani ya chumba kilichofungwa, hubaki yakielea na kuongezeka. Mwenye sauti kubwa hutoa mengi kuliko anayesema polepole. Mwimbaji hutoa mengi zaidi.

Mwanzoni watu wengi duniani walisisitiza mikono na vitu vya kushika. Baadaye wataalamu wakaeleza wazi nguvu ya hewa. Sisi tulibaki na la mwanzo.

Ukitaka kujua kama mahali ni pa hatari, fikiria moshi. Mtu akiwasha moto wa kuni nje chini ya mti, moshi unakwenda zake. Akiuwasha ndani ya ghala lililofungwa, baada ya nusu saa wote mnalia machozi. Pale moshi unapokaa, pumzi nayo inakaa. Tazama jikoni kwako. Tazama chumba cha mikutano. Tazama basi dogo lenye watu 20 na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya vumbi. Ukiliona hivyo, utajua mwenyewe pa kufungua dirisha na pa kuvaa barakoa.

Kwa hiyo mkutano wa mvua hauhamishiwi ghalani. Mkutano wa mvua unaahirishwa. Au watu wachache wanasimama barazani, penye paa lakini hapana ukuta, wanasema neno fupi, wanaondoka.

Ghala letu sasa lina madirisha manne. Tulitoa mbao, tukaweka nondo na wavu. Wezi hawapiti, na hewa inapita. Fedha tulichanga wenyewe.

KILA UGONJWA NA NJIA YAKE

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba korona si dharura ya dunia tena. Virusi havijaondoka, lakini hali si ile ya mwanzo. Basi kwa nini naandika leo? Ni kwa sababu ugonjwa mwingine huja, nasi huutendea kama ule uliopita.

Sisi wa Kagera tuliliona hilo mwaka uleule. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao wakafa. Siku zile watu walinijia wakiniuliza wapi nitapata barakoa. Lakini Marburg ina njia nyingine. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa, au wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo. Aina ya popo wanaokula matunda, wanaokaa mapangoni, ndio wanaobeba virusi hivyo. Kukaa nje na jirani mzima mkizungumza habari za kahawa si njia yake. Kumwosha maiti kwa mikono mitupu ndiyo njia yake. Katika ugonjwa huo gulio lisikutishe kuliko msiba.

Na hapo tulijifunza kuhesabu siku. Mtu aliyeguswa na Marburg anaweza kuugua baada ya siku 2 mpaka siku 21. Ndiyo maana wataalamu hungoja siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya 21, ndipo hutangaza kwamba mlipuko umekwisha. Tarehe 2 Juni 2023 ulitangazwa kwisha. Mwaka 2025 ulitokea tena katika mkoa wetu, Wilaya ya Biharamulo. Ulitangazwa tarehe 20 Januari na ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Hesabu ilikuwa ileile. Hawakuangalia kama watu wamechoka kungoja. Waliangalia kalenda.

Mfugaji wa kuku anaijua hesabu hii. Ukinunua jogoo gulioni, humwingizi bandani siku hiyohiyo. Unamtenga wiki mbili. Kama ana mdondo, utaona kabla hajawamaliza wengine. Na wale wa nyumbani unawapa tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Kipindupindu nacho hupita kwenye choo, maji na chakula. Wazee wetu walijifunza. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baba yangu alichimba choo chetu cha kwanza mwaka huo, na alikuwa akisema udongo wa kule ulikuwa mgumu kama matofali. Penye kipindupindu, kuvaa barakoa huku unakunywa maji ya mtoni yasiyochemshwa ni kazi bure.

Kwa hiyo ukisikia redioni kuna ugonjwa, usiulize kwanza umeua wangapi. Uliza unapita wapi. Kamuulize mganga wa zahanati, au mhudumu wa afya wa kijiji. Akikutajia njia, tazama kazi zako za kila siku na uone zipi ziko kwenye njia hiyo. Hizo ndizo za kusimamisha au kubadili. Nyingine endelea nazo.

NANI ATALIMA SHAMBA LA MGONJWA?

Ng'ombe aliyefungwa siku nyingi humwachii kamba yote kwa mara moja. Ugonjwa wa hewa kama korona ukianza kupungua, anza na kazi za nje, za watu wachache, za muda mfupi. Palizi ni hiyo. Gulio la asubuhi na mapema ni hilo. Ngoja wiki mbili. Kama hakuna ongezeko la wagonjwa, ongeza. Mambo ya ndani, ya watu wengi, ya kuimba na kula pamoja, yaje mwisho. Ugonjwa ukipanda tena, vuta kamba hatua moja. Huo si ushindwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo ni gumu kuliko yote, nami naona halisemwi vya kutosha. Tunamwambia mwenye kikohozi akae nyumbani. Akikaa, nani atalima? Mtu wa mshahara akikaa nyumbani siku kumi, mshahara wake unakuja. Mkulima akikaa siku kumi wakati wa palizi, magugu yanameza maharage. Ndiyo maana yule mwenzetu alikuja mkutanoni akikohoa. Kulikuwa na habari ya mbolea. Aliogopa akikosa siku hiyo atakosa mgawo. Simlaumu. Ni sisi tuliofanya kukohoa kuwe na hasara.

Baada ya msiba kikundi kilikaa, nje, kikapitisha sharti. Mwanakikundi akiugua hakosi mgawo wake. Anatuma habari. Watu wawili wanakwenda kupalilia shamba lake mpaka apone. Mgonjwa wa korona anaweza kuambukiza tangu siku mbili kabla ya dalili mpaka siku kama kumi baadaye, kwa hiyo tulipanga siku kumi za kazi. Mwanzoni watu walinung'unika. Walisema wavivu wataugua kila wiki. Mpaka leo nimeona mvivu mmoja tu, na tulimjua hata kabla ya hapo.

Sharti hilo limefanya kazi kuliko matangazo yangu yote. Watu husema wazi kwamba wanaumwa. Hata malaria tunaijua mapema.

Kuna swali la chanjo, maana huwa naulizwa. Chanjo ya korona ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa siku hiyo mbele ya wananchi. Mimi nilichanjwa mwezi uliofuata. Mkono uliniuma, na homa nikapata usiku mmoja. Chanjo haikuzuii kabisa kupata maambukizi, lakini hupunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa. Faida yake ni kubwa zaidi kwa wazee, na kwa wenye kisukari au shinikizo la damu. Namkumbuka mweka hazina wetu kila ninapoulizwa swali hili. Kwake ilichelewa miezi mitano.

Daftari lake bado tunalitumia. Kurasa zilizobaki zinatosha msimu mmoja. Mweka hazina wa sasa ni yule bibi wa migomba. Mistari yake mitatu aliipanda upya, kwa machipukizi safi, na mwaka jana aliuza mikungu.

Mkutano wetu ujao ni Jumanne saa tatu asubuhi, chini ya mparachichi. Habari ni ya kahawa na ya bei ya mbolea. Njoo na kigoda chako na kikombe chako. Mvua ikinyesha, tutakutana Alhamisi. Ukiwa na kikohozi, mtume mtoto aje kutuambia shamba lako limefikia mstari gani.